Mgeni njoo, klabu ipone

Tarehe 30 Juni 1925, huko Cedar Point katika jimbo la Ohio nchini Marekani, klabu za Lions zilikuwa kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka. Aliyesimama mbele yao siku hiyo alikuwa Helen Keller, mwanamke wa miaka 45 aliyepoteza uwezo wa kuona na kusikia akiwa mtoto wa miezi 19. Hakuwa mwanachama, na kwa kanuni za wakati ule mwanamke hangeweza kuwa mwanachama wa kawaida. Hakuja kushukuru kwa msaada uliopita wala kuwapamba wenyeji wake kwa sifa. Alikuja na ombi moja: wawe watetezi wa vipofu, na wapambane na upofu unaoweza kuzuilika. Lions ilikuwa imeundwa mwaka 1917 na Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago, na hadi siku hiyo ilikuwa ikitenda mema ya hapa na pale kama vyama vingine vya aina yake. Baada ya hotuba ile ilipata kazi ya kudumu. Miaka 5 baadaye George Bonham, rais wa klabu ya Lions ya Peoria, jimbo la Illinois, alimwona kipofu akihangaika kuvuka barabara huku fimbo yake nyeusi haionekani vizuri na madereva. Klabu yake ikazipaka fimbo rangi nyeupe na kuzizungushia utepe mwekundu, na mji ule ukapitisha sheria ndogo ya kumpa kipofu mwenye fimbo nyeupe haki ya kupita kwanza. Mwaka 1990 chama kilianzisha mpango wa SightFirst, jina ambalo wakazi wa Nairobi wanalifahamu kutokana na hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho.

Ninaitaja hotuba hiyo kwa sababu ni ushahidi ulio wazi wa jambo ambalo klabu zetu za kuihudumia jamii zinaelekea kulisahau. Mtu akihudhuria kikao cha Rotary au Lions jijini Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, atakuta utaratibu unaofanana. Kengele inagongwa, wimbo wa taifa unaimbwa, sala inasomwa, wageni wanatambulishwa. Kisha zinakuja habari za wanachama: nani amezaliwa wiki hii, nani kafiwa na mzazi, nani amepata mjukuu, nani kahamishiwa mkoa mwingine. Mtunza nidhamu wa kikao anapita akitoza faini ndogondogo zinazoingia kwenye mfuko wa misaada, na mwenye furaha anatoa noti kwa hiari yake na kuieleza furaha hiyo. Halafu mgeni aliyealikwa kuzungumza anapewa kama dakika 20, maswali machache, neno la shukrani, na watu wanatawanyika. Siku hizi yanaposikika malalamiko kwamba vikao ni virefu, vinavyotajwa kwanza kupunguzwa ni vipengele hivi viwili, mgeni na habari za wanachama, kwa dhana kwamba kazi halisi ni miradi na hayo mengine ni mapambo. Mimi naona kinyume chake. Mgeni huiletea klabu habari ya shida isiyoijua, na habari za wanachama huijulisha klabu nguvu iliyo nayo. Huduma yoyote yenye maana huanza pale habari hizo mbili zinapokutana katika chumba kimoja.

Tuanze na mgeni. Rotary ilipoanza tarehe 23 Februari 1905 huko Chicago, watu wanne walikutana katika ofisi ya mmoja wao, kwenye jengo lililoitwa Unity: Paul Harris, wakili, Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey, mshona nguo mwenye duka lake. Kanuni iliyotokana na kundi hilo ilikuwa kuchukua watu wa kazi tofauti tofauti ili kila mmoja alete kile ambacho mwenzake hana. Kanuni hiyo ina hekima, lakini ina mpaka wake. Watu hao wanne, pamoja na tofauti zao, wote walikuwa na shughuli zao wenyewe mjini. Klabu za Afrika Mashariki zimerithi hekima hiyo pamoja na mpaka wake. Klabu ya Nairobi, ya kwanza katika eneo letu, iliundwa mwaka 1930, enzi ya ukoloni, na ingawa sura za wanachama zimebadilika kabisa tangu wakati huo, daftari la klabu ya mjini bado limejaa maofisa wa benki, mawakili, madaktari, wakandarasi na wakurugenzi. Wanajua mengi na wana moyo. Ila yapo mambo ambayo mtu wa daraja hilo hawezi kuyajua kwa kukaa na wenzake, hata wakae kila wiki kwa miaka 30.

Chukua mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu barani Afrika. Upasuaji wake ni mfupi na unarudisha uwezo wa kuona. Klabu ikifikiri peke yake itahitimisha kwamba kinachohitajika ni fedha za upasuaji, na itaandaa kambi ya matibabu ya bure. Muuguzi wa macho wa hospitali ya wilaya akipewa dakika 10 atawaeleza kwa nini wazee hawaji hata huduma inapokuwa bure. Hakuna nauli. Hakuna wa kumsindikiza mzee. Kuna anayeamini kwamba jicho linang'olewa, likasafishwa, kisha likarudishwa. Na kuna bibi anayeona kwa shida sana ambaye hawezi kulala hospitali hata usiku mmoja kwa kuwa ndiye anayelea wajukuu. Klabu iliyosikia hayo itakodi basi, itamtafuta mzee mmoja aliyekwisha kupona azungumze na wenzake kijijini, na itapanga jirani wa kukaa na watoto. Fedha zitakuwa zilezile, lakini watakaorudi nyumbani wakiona watakuwa wengi zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa visima. Mahali pengi vijijini pampu za mkono zimesimama kwa kukosa kipuri au mtu wa kuzitengeneza, na anayeijua habari hiyo kwa undani ni fundi wa pampu, mtu ambaye mara chache huonekana kwenye orodha ya wazungumzaji.

Hapa pana tabia yetu inayotuponza. Katika mikutano ya kwetu tumezoea kuwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hualikwa kwa cheo. Huketi meza kuu, husomewa risala, husema itifaki imezingatiwa, husoma hotuba iliyoandikwa na wasaidizi wake, hupigwa picha na huondoka mapema. Ana nafasi yake katika shughuli za kitaifa. Lakini klabu inapomleta mtu wa aina hiyo kila wiki, inajinyima mgeni yule wa methali yetu, anayekuja ili mwenyeji apone. Keller hakuwa na cheo. Alikuwa na ujuzi ambao hakuna aliyekuwa nao pale ukumbini, aliupata kwa maisha yake mwenyewe, na aliutumia kuwataka wasikilizaji wafanye jambo mahususi. Hayo ndiyo ningependa kamati za programu ziyaangalie zinapochagua mzungumzaji: anajua nini ambacho sisi hatujui, na atatuomba nini.

Jukwaa la mgeni lina faida nyingine inayozungumzwa kwa nadra. Huwa pana kuliko daftari la wanachama. Lions walimsikiliza Keller mwaka 1925, lakini mlango wa uanachama haukufunguliwa kwa wanawake hadi mwaka 1987, miaka 62 baadaye. Rotary ilichelewa zaidi: klabu ya Duarte, California, ilipowaingiza wanawake watatu mwaka 1977 ilifutiwa uanachama, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani iliyoamua mwezi Mei 1987 kwa upande wa klabu hiyo, na katiba ya Rotary ikabadilishwa mwaka 1989. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza Rotary duniani. Ni aibu kwamba watu walimsikiliza mwanamke, wakaipokea kazi aliyowapa, wakakubali iwe fahari yao kwa miongo 6, na bado wakawafungia mlango wanawake wengine. Lakini aibu hiyo yenyewe inathibitisha thamani ya jukwaa. Chama chochote kina watu ambao bado hakijajifunza kuwapokea, na hadi kitakapojifunza, dakika 20 za mgeni ndizo dirisha pekee ambalo sauti zao zinaweza kupenya.

Habari za wanachama zinahitaji utetezi mkali zaidi, maana ndizo zinazodharauliwa zaidi. Msikilizaji wa haraka husikia orodha ya siku za kuzaliwa na misiba, akaona ni umbea uliopewa nafasi rasmi. Lakini watu wa Afrika Mashariki hawapaswi kufundishwa umuhimu wake. Katika vikundi vya vikoba, katika vyama vya kufa na kuzikana, katika chama cha akina mama cha mtaani, hali ya mwanachama hujadiliwa kwa uzito sawa na fedha, kwa kuwa mfuko wa jamii umewekwa kwa ajili hiyo. Anayejua kwamba mwenzake anauguza hatamwekea ratiba ya kusimamia mradi mwezi huo, na aliyehudhuriwa msibani hatakwepa zamu yake ya kubeba magunia ya mahindi wakati wa mafuriko. Kuaminiana huko hakupatikani kwa kusoma katiba ya klabu.

Tena habari za wanachama si za furaha na huzuni tu. Zinahusu kazi zao, na hapa kuna ushahidi mzito kabisa. Mwaka 1979 Clem Renouf, Mwaustralia aliyekuwa rais wa Rotary duniani, alisoma makala kuhusu kutokomezwa kwa ndui akajiuliza kama Rotary ingeweza kuchukua ugonjwa mwingine. Alimuuliza John Sever, mwanachama mwenzake, ambaye Renouf alimjua kuwa mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Sever alishauriana na Albert Sabin, mgunduzi wa chanjo ya matone, kisha akajibu kwamba kama ni ugonjwa mmoja, basi uwe polio. Mwaka huohuo Rotary iliahidi kuchanja watoto takriban milioni 6 nchini Ufilipino. Mwaka 1985 ukaanzishwa mpango wa PolioPlus, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani na wadau wengine wakaungana katika juhudi za kuutokomeza duniani kote, wakati ugonjwa ukiwa bado unapoozesha watu wapatao 350,000 kwa mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya shirika hilo ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Sababu za mafanikio hayo ni nyingi, na wahudumu wa afya waliozunguka nyumba kwa nyumba ndio waliobeba mzigo mkubwa. Hata hivyo mwanzo wake ndani ya Rotary ulitegemea jambo dogo: mwanachama mmoja alijua mwenzake anafanya kazi gani. Ndiyo sababu desturi ya mwanachama mpya kusimama na kueleza kazi yake isiachwe. Mhasibu aeleze anakagua nini, mhandisi aeleze anajenga nini na wapi alishindwa, ili siku ya kuhitajiana watu wajue pa kugonga hodi.

Uganda inatoa mfano wa karibu zaidi. Sam Owori aliingia klabu ya Kampala mwaka 1978, akapanda hadi kuchaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018 hadi 2019, Mwafrika wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Alifariki Julai 2017 kabla hajashika wadhifa. Katika habari za kifo chake Rotary ilieleza kwamba tangu alipokuwa gavana wa wilaya ya Rotary, mwishoni mwa miaka ya 1980, klabu nchini Uganda ziliongezeka kutoka 9 hadi 89. Ukuaji wa namna hiyo hauletwi na matangazo. Watu huingia klabu kwa kualikwa na mtu wanayemwamini, hubaki kwa sababu wanajulikana kwa majina na kwa mizigo yao, na hujitolea zaidi wakiisha kubaki. Mbio za hisani za saratani zilizoanzishwa na Rotary nchini humo mwaka 2012 kwa ajili ya huduma za saratani katika hospitali ya Nsambya zimewakusanya maelfu ya wakimbiaji, na mtandao uliowezesha shughuli hiyo ulijengwa wiki baada ya wiki katika vikao ambavyo mtu wa nje angeviona vya salamu tu.

Kuna mapingamizi, na baadhi ni ya haki. La kwanza ni kwamba huu ni mlo wa wenye nacho hotelini, na fedha za sahani zingepelekwa moja kwa moja kwa wahitaji. Kuhusu sahani, pingamizi lina ukweli, na halina uhusiano na mgeni wala habari za wanachama. Kikao kinaweza kufanyika katika ukumbi wa shule au ofisini kwa mwanachama. Jina lenyewe la Rotary limetokana na desturi ya wale wa mwanzo kuzungushiana ofisi. Kanuni zililegezwa mwaka 2016 ili klabu zichague namna ya kukutana, kwa hiyo hakuna kinachozilazimisha kung'ang'ania hoteli. Kuhusu fedha kwenda moja kwa moja, tatizo ni kwamba fedha isiyo na maarifa hununua kambi ya macho isiyo na wagonjwa na kisima kitakachoacha kutoa maji baada ya kipuri cha kwanza kuharibika. Na mara nyingi fedha kubwa hufuata waliokwisha kujifunza. Januari 2009, kwenye mkutano wa viongozi wa Rotary mjini San Diego, Bill Gates alitangaza dola milioni 255 za taasisi yake kwa vita dhidi ya polio, na Rotary ikaahidi kutafuta milioni 100 zaidi. Wakati huo Rotary ilikuwa na miaka 30 ya uzoefu katika kazi hiyo.

La pili linasema wazungumzaji wengi huja kuuza: bima, viwanja, uwekezaji wenye faida isiyoelezeka. Hili ni kweli na linaudhi, na tiba yake iko mikononi mwa kamati ya programu. Mwenye bidhaa apewe tangazo la dakika 2 kama klabu inataka, na nafasi ya mgeni ibaki kwa mwenye jambo. La tatu ni kwamba kundi la WhatsApp limeshachukua nafasi ya habari za wanachama. Simu husambaza habari haraka, na kwa msiba wa ghafla ni msaada mkubwa. Lakini rambirambi 60 zinazofanana, zilizonakiliwa na kubandikwa, hazimwambii mfiwa nani atakuja kulala matangani. Mtu akisimama mbele ya wenzake na kusema mama yake amelazwa, kuna atakayemfuata pembeni baada ya kikao na kumuuliza wodi gani.

Pingamizi la nne ndilo lenye uzito zaidi. Klabu hizi haziruhusiwi kuunga mkono mgombea wala kutoa msimamo wa kisiasa, na katiba ya kawaida ya klabu ya Rotary inaruhusu masuala ya umma yajadiliwe tu kikaoni. Basi mgeni akieleza kwamba bonde linafurika kila mvua kwa sababu ya uamuzi wa ofisi fulani, klabu itafanya nini zaidi ya kugawa mablanketi? Ninakubali kwamba mpaka huo unabana. Hata hivyo wanachama wanaporudi makazini hawakatazwi kuwa raia. Mpangaji miji, mwandishi wa habari na wakili waliomsikiliza mgeni huyo wameondoka na elimu ambayo hakuna kanuni inayoifunga. Na ukimya wa klabu kuhusu vyama unamfanya mwenyekiti wa mtaa wa chama chochote aje kusema ukweli bila kuogopa kwamba maneno yake yatageuzwa kuwa silaha ya wapinzani wake.

Kilichobaki ni lugha, na hapa lawama ni yetu wenyewe. Vikao vya klabu za mijini Tanzania na Kenya kwa kawaida huendeshwa kwa Kiingereza, na jambo hilo huchuja wazungumzaji kabla hata mwaliko haujaandikwa. Muuguzi aliyekaa miaka 25 kwenye kliniki, mvuvi anayejua kwa nini samaki wamepungua, fundi pampu na bibi aliyepona macho wote wana maneno ya kutosha kwa Kiswahili. Klabu inayowataka wazungumze kwa lugha ya barua za ofisi itapata sentensi tano za woga, au itampata mkubwa wao wa kazi badala yao. Karibu wanachama wote Watanzania na wengi wa Wakenya wanaelewa Kiswahili barabara, na mgeni kutoka nje anaweza kuketi karibu na mtu wa kumtafsiria.

Mwaka wa klabu za Rotary na za Lions huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo Juni ndio mwezi wa kupanga ratiba. Klabu ya Dar es Salaam ingeweza kujaza wiki zake za mwanzo kwa muuguzi wa macho, mkazi wa bonde la Msimbazi aliyehamishwa na mafuriko, fundi wa pampu kutoka kijijini, na mwalimu wa kitengo cha wanafunzi viziwi akiwa na mmoja wa wanafunzi wake na mkalimani wa lugha ya alama. Nauli zao zilipwe na klabu, na kabla ya kila mmoja kuzungumza zisomwe habari za wanachama ili naye ajue amekaa na nani. Aombwe atamke ombi lake waziwazi, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jina la mwanachama aliyelichukua. Baada ya miezi 6 aalikwe tena, aeleze kilichofanyika na ambacho hakikufanyika.